Muulize Mama wa Utumishi: Tisheti tumegawa, Bagamoyo tumeenda, mbona watu bado wamepoa?

Kwa kawaida hii safu inajaa vilio vya wafanyakazi, bosi kanifanya hivi, HR kanifanya vile, ila mwezi huu wamejaa mabosi wenyewe na wote wanauliza jambo moja kwa njia tofauti: watu wangu wamepoa, nifanyeje? Nimefanya kazi ya utumishi miaka 27 hapa hapa Dar, viwandani na maofisini, so nitawajibu kama nilivyokuwa nawajibu mabosi zangu mlango ukishafungwa, sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

SWALI
Habari za kazi mama. Mimi ni mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya kusambaza bidhaa, ofisi ipo Mikocheni na ghala lipo Vingunguti, nina wafanyakazi 64. Mwaka huu nimeamua kweli kuwapa watu motisha. Tulienda tim bilding Bagamoyo, nikalipa basi, nikalipa chakula, tukavuta kamba, tukakimbia na magunia, nikachapisha tisheti zenye nembo yetu, na kila mwezi tunabandika picha ya mfanyakazi bora pale mapokezi. Wiki mbili tu mambo yakarudi vilevile, magari yanachelewa kutoka ghalani, mizigo inakosewa, na tangu Januari wameondoka watu 11, wengine kwa mshindani wangu kwa nyongeza ya elfu 40 tu! Hawa watu wanataka nini?
Bosi, Mikocheni

JIBU
Kaka'angu pole, na hongera pia maana hela umetoa, nawajua mabosi ambao hata soda ya mwisho wa mwaka wanaikata kwenye mshahara.

Ila nikuulize, Bagamoyo mlienda siku gani? Najua utasema Jumamosi au Jumapili. Sasa hiyo ndo siku ambayo mpakiaji wako anafua, anaenda kikao cha harusi, anaenda kumzika mtu, anakaa na wanawe ambao wiki nzima anawaacha wamelala na anawakuta wamelala. We ukamchukua ukamkimbiza na gunia. Alicheka ndio, bosi akilipa chakula nani asicheke.

Halafu tupige hesabu ya ghalani. Sijafika kwako ila maghala mengi ya hapa mjini nayajua, mtu anaingia saa moja asubuhi anatoka saa moja usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Toa saa moja ya kula, yanabaki masaa 11 kwa siku, mara siku 6 ni masaa 66. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kazi ya kawaida isizidi masaa 45 kwa wiki. Kwa hiyo hapo kuna masaa 21 ya ziada kila wiki, kwa wiki nne ni 84, na sheria hiyo hiyo inasema ovataimu isizidi masaa 50 kwenye wiki nne, na kila saa ilipwe sio chini ya mara moja na nusu. Je unalipa? Kama hulipi, basi kila mtu pale ghalani anajua unamdai nguvu na yeye anakudai hela, na ukimpa tisheti anaipokea kama mtu anayekudai laki tano ukamletea kilo ya sukari, asante tunasema ila deni liko palepale.

Na hiyo elfu 40 usiidharau. Kwa mtu anayetoka Mbagala akapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, elfu 40 ni siku nyingi za nauli. Ila nikwambie siri ya watu wa utumishi, mtu akiaga kazi anataja hela kwa sababu hela haina ugomvi, hawezi kukwambia usoni kwamba naondoka kwa sababu meneja wako wa ghala ananiita mbwa. Hao 11 mmoja wao angepigiwa simu na mtu asiye meneja wake, miezi miwili baadae, akiwa hana tena cha kupoteza, ungesikia mengine kabisa.

Kuna kisa cha Henry Ford, yule wa magari kule Marekani, watu wanakisimulia vibaya. Januari 1914 alitangaza kulipa dola 5 kwa siku, wakati kabla ya hapo kiwandani kwake mtu alikuwa anapata kama dola mbili na senti kidogo, na masaa akayashusha yakawa 8. Ukisikia inavyosimuliwa unadhani alikuwa na huruma. Hapana bana, mwaka 1913 aliajiri watu zaidi ya 52,000 ili abaki na kama 14,000, yani watu walikuwa wanaingia mlango huu wanatokea ule, kazi ya mnyororo, ile ya kusimama sehemu moja ukirudia kitu kilekile kimoja, ilikuwa inawachosha na kila mgeni anaanza kufundishwa upya. Alichofanya ni kupiga hesabu ya wanaoondoka akakuta kulipa ni nafuu. (Na hakuwa malaika, alikuwa anatuma watu kukagua maisha ya wafanyakazi majumbani kabla hawajastahili hizo hela, hilo usiige.) Sasa we umepoteza 11 kati ya 64. Ile mizigo inayokosewa unayoilalamikia umeshajiuliza ni ya nani? Nina wasiwasi ni ya wageni 11 waliokuja kuziba nafasi na hawajui bado katoni ipi inaenda Temeke ipi inaenda Tegeta.

Mwaka 1959 kuna mwanasaikolojia anaitwa Frederick Herzberg alitoa utafiti wa wahandisi na wahasibu kama 200 wa Pittsburgh, aliwauliza lini walifurahia kazi na lini waliichukia. Akakuta yanayomchukiza mtu sio kinyume cha yanayomfurahisha, ni makundi mawili tofauti. Mshahara, msimamizi, kanuni za kampuni, mazingira ya kazi, haya yakiwa mabaya mtu anachukia, yakiwa mazuri hafurahi saana, ananyamaza tu. Kinachompa mzuka ni vingine, kazi yenyewe, kuona amefanikisha kitu, kuaminiwa, kutambuliwa. Mi huwa namkubali nusu nusu, maana aliwauliza wahandisi na wahasibu, hakumuuliza utingo wa Vingunguti, na kwa utingo mshahara ukipanda ananyamaza kwa furaha kubwa tu. Ila lile la makundi mawili nimeliona kwa macho yangu.

Miaka ya tisini nilikuwa kiwanda kimoja barabara ya Pugu, hii tunayoiita Nyerere siku hizi. Bosi akaleta mtu wa kutuhamasisha, tai nyekundu, kaongea masaa mawili kuhusu ndoto na malengo, mwisho akauliza nani ana swali. Kimyaa. Fundi mmoja akanyoosha mkono akasema, mimi sina swali ila choo cha mashine namba mbili hakina komeo mwaka wa pili sasa, kina mama wanasindikizana mmoja anashika mlango. Watu walicheka mpaka bosi akaona aibu. Kesho yake komeo likawekwa, la bei ya vocha. Sikwambii kwamba uzalishaji ulipanda, hakuna aliyepima, ila wiki ile ndo nilianza kusikia watu wanaleta maneno mengine, feni hii imekufa, zamu ya usiku haina chai, mpaka mmoja akaja na wazo la kupanga upya meza za kufungashia na wazo lenyewe lilikuwa zuri kuliko la injinia.

So kwako ningeanza na deni la ovataimu, hata ukilipa kwa awamu, ila andika na ubandike awamu zenyewe pale unapobandikaga picha. Halafu nenda Vingunguti saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usimwambie meneja, usiende na tai, kaa kwenye katoni. Magari yanachelewa kutoka kwa nini? Nakisia ratiba ya njia inapangwa Mikocheni na mtu ambaye hajawahi kushusha mzigo Kariakoo. Utingo anajua Kariakoo ukiingia saa nne umekwisha, mikokoteni, bajaji, guta, wamachinga, hutoki mpaka saa nane, lakini nani alimuuliza? Mpe yeye na dereva wapange nani anaanza kupelekewa na we ubaki na swali moja tu la jioni, mzigo umefika au haujafika. Hiyo ndo kuaminiwa, haina gharama ya basi la Bagamoyo.

Ile picha ya mfanyakazi bora itoe taratibu. Ikishafika mwezi wa nne kila ofisi inakuwa hivi, ama anarudi yuleyule mtu wa bosi, ama mnazungusha zamu kama mchezo wa kupeana. Ukiona mtu kafanya vizuri mwambie siku ileile na utaje kitu chenyewe, "jana ule mzigo wa Kigamboni mliwahi kivuko kwa sababu we ulipanga mapema, nimeona". Basi.

SWALI
Shikamoo mama. Mi ni mkurugenzi wa fedha wa kampuni ya huduma za usafi, tupo Posta, wafanyakazi 120. Wateja wetu wakubwa wanalipa baada ya siku 90, kwa hiyo mshahara wa tarehe 28 unaweza kutoka tarehe 12 ya mwezi unaofuata, na imeshatokea mara nne. MD wangu, yani mkurugenzi mtendaji, ananiambia niongee na watu, niwahamasishe, niwaambie sisi ni familia. Mwezi huohuo kanunua Prado mpya. Nikiingia kwenye lifti watu wananyamaza. Naongea nini mama?
Mhasibu Mkuu Mwenye Aibu

JIBU
Marahaba mwanangu. Lifti ikinyamaza ujue stori ilikuwa inakuhusu.

Kwanza usihamasishe mtu yeyote mwezi huu, nakuomba. Maneno matupu hayavunji mfupa. Kati ya tarehe 28 na tarehe 12 dada wa usafi anayekaa Gongo la Mboto anafanya nini? Anakopa kausha damu. Kadi ya benki anaishika mkopeshaji, mshahara ukitoka mkopeshaji ndo anatangulia kwenye mashine, dada anabakiziwa kidogo, katikati ya mwezi anakopa tena. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Kwa hiyo kuchelewa siku 14 kwenye vitabu vyako ni siku 14, kwake ni riba ya mwezi mzima, yani kampuni inakopa kwa mtu masikini kuliko wote kwenye jengo halafu inamwachia yeye alipe riba. Mweleze MD kwa maneno hayohayo, mi nimewahi kumweleza bosi wangu hivyo na alikaa kimya dakika nzima.

Halafu sheria ile niliyoitaja juu inataka mshahara ulipwe siku mliyokubaliana. Sio hisani. Mtu akienda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, hamtakuwa na la kusema, mteja kuchelewa kukulipa ni biashara yako wewe na mteja.

Cha kufanya, kaa na orodha ya mshahara uipange kuanzia chini. Kwenye kampuni ya usafi unaweza kukuta watu 80 wa chini jumla yao inakaribiana na mameneja na wakurugenzi wa juu wachache. Hela ikiingia nusu, walipe hao 80 wote tarehe 28, wote na kamili, halafu ofisi, halafu mameneja, wewe na MD mwisho kabisa. Watu wajue kwamba mpangilio ni huo. Nimeuona ukifanyika sehemu moja tu maishani mwangu na wale watu walimvumilia yule bosi miaka miwili ya shida, wakati kampuni ya jirani yenye hela zaidi ilikuwa inakimbiwa.

Habari mbaya itoe tarehe 20, usingoje 29. Na usitaje tarehe ambayo huna uhakika nayo, bora useme tunasubiri malipo fulani, yakiingia leo kesho unapata, kuliko kusema Ijumaa halafu Ijumaa unazima simu. Mtu akijua mapema anaweza kuongea na mwenye nyumba, anaweza kuomba zamu yake ya kikoba isogezwe mbele. Benki nazo zinakopesha kwa kushika ankara za wateja wakubwa, riba ipo ndio, ila weka pembeni yake gharama ya kuajiri na kufundisha watu wapya kila mwezi ndo ulinganishe.

Kingine nakuuliza kwa siri, michango ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, mnapeleka? Maana ikishafika mshahara kuchelewa mara nne, mara nyingi michango inakuwa imeshaachwa huko nyuma. Ile ni 20 kwa mia ya mshahara, na sehemu yake mmeikata kwa mtu, kwa hiyo hiyo ni hela yake mmeishika. Siku hizi mtu anaangalia michango yake kwenye simu akiwa kwenye mwendokasi. Akikuta miezi mitano haipo, hotuba zako zote kwake zinakuwa kelele za goli lisilofungwa.

Sasa hilo la Prado. Wewe ni mdogo hujui, ila mwaka 1971 TANU, chama tawala cha wakati huo, ilitoa Mwongozo, na fungu la 15 lilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu kwa anaowaongoza. Waliolikariri lile fungu sio viongozi, ni wafanyakazi! Miaka ile mpaka 1973 viwanda vya hapa Dar viligoma hiki na kile, na mara nyingi hoja haikuwa mshahara, ilikuwa ni meneja anavyowatukana na anavyoishi mbele ya macho yao. Nasema hivyo kwa sababu mabosi wa leo wanadhani watu wanaonea wivu gari. Gari sio tatizo, bosi kuwa na gari zuri Mswahili hana shida nalo kabisa, anajisifia hata kwao kwamba bosi wetu anaendesha hiki. Tatizo ni tarehe. Gari limekuja mwezi ambao mshahara haujaja, basi kila mtu kwenye jengo amelipigia hesabu lile gari tairi moja moja, hili langu hili la mama Zuberi hili la mlinzi. Na neno familia mwambie aliache, kwenye familia baba hanunui suti wakati watoto wamelala na uji.

Najua kumwambia hayo ni wewe utakayekuwa kwenye moto. Nenda na karatasi yenye majina, wangapi wameondoka na wangapi wamekuomba advansi miezi hii minne. Mkurugenzi anabishana na maoni, ila kubishana na karatasi anapata tabu kidogo.

SWALI
Mama, wafanyakazi wangu wana grupu la siri la WhatsApp, nimetumiwa skrinshoti, wananiita Pilipili. Nilifunge au nimtafute aliyelianzisha?
Mkurugenzi, Masaki

JIBU
Wala usiguse. Kila ofisi ina grupu ambalo bosi hayumo, ukilifunga wanafungua lingine dakika tano na safari hii hutapata skrinshoti. Mimi walikuwa wananiita Mama Barua, kwa sababu ya barua za onyo, niliumia wiki moja kisha nikafungua faili nikahesabu nilizoandika mwaka ule, kwakweli zilikuwa nyingi. Na wewe hesabu ulipaza sauti mara ngapi mwezi huu. Huyo aliyekutumia skrinshoti ndo umwangalie vizuri, anataka kitu.

SWALI
Shikamoo mama. Nina miaka 31, nimetoka kusoma nje, nimepewa kuongoza idara ya ufundi kiwanda kimoja Chang'ombe. Chini yangu kuna mafundi wa rika la baba yangu, mmoja ana miaka 57 na ndo wengine wote wanamsikiliza. Kwenye kikao wananyamaza, wananijibu sawa meneja, wakitoka wanafanya wanavyojua wao. Niliwaonyesha slaidi jinsi tunavyopitwa na wakati, hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Niwape motisha gani, bonasi?
Meneja Kijana

JIBU
Marahaba mwanangu. Bonasi subiri kwanza.

Umewaambia watu wa miaka 57, mbele ya vijana wao, kwa slaidi, kwamba wamepitwa na wakati. Hukusudia, najua, we ulikuwa unasema mashine. Wao wamesikia wao. Na "sawa meneja" kwa Kiswahili cha kiwandani maana yake tumekusikia, endelea na safari yako.

Asubuhi unaingiaje? Kama unapita na laptopu mpaka ofisini halafu unaita watu kwa simu, acha. Pita karakana, mpe mzee shikamoo yake, mbele ya watu, hata kama barua ya ajira inasema wewe ndo mkubwa. Vijana wengi mkipewa cheo mnaogopa shikamoo itawashusha, kumbe ndo inakuruhusu baadae kumwambia mzee hapana na akakubali. Ukitaka kubadilisha jambo anza naye peke yake, kwenye chai, usianze na jibu, anza na "mzee hii mashine inatusumbua, we umeijua miaka yote, unaionaje?" Nusu ya anachokwambia kitakuwa malalamiko ya tangu enzi hizo, vumilia, nusu nyingine hukufundishwa huko ulikosoma. Kikao kifanye baada ya hapo, na uanze kwa kusema mzee fulani ameshauri hivi. Slaidi weka pembeni.

Halafu fikiria huyo mtu yuko wapi kimaisha. Ana miaka 57, kustaafu kwa lazima ni 60, kwa hiari amesharuhusiwa tangu 55. Bonasi ya laki mbili haimkoseshi usingizi. Kinachomkosesha usingizi ni je michango yake ya NSSF imefika miezi 180 ili apate pensheni, maana mafundi wa rika lile wengi waliwahi kufanya kazi za mkataba wa mdomo miaka na miaka, kiwanda hiki mara kile, na mingine haikupelekwa. Muombe HR akae naye, wachapishe taarifa yake, kama kuna pengo lijulikane sasa akiwa bado ana miaka mitatu ya kuliziba, sio siku ya sherehe ya kumuaga na ile saa ya ukutani.

Na mpe vijana wawili awafundishe, rasmi, kwa barua, sio kwa mdomo, na posho kidogo kama bajeti inaruhusu. Asije akaondoka na kiwanda kichwani mwake.

Akianza kukutania kuhusu kwenu mnakotoka, cheka, na umrudishie kidogo kwa adabu. Ukishamaliza la NSSF niandikie tena uniambie mzee ana miezi mingapi.